Usingizi Wangu Ukutani

Mimi ni mtu wa kujiweka sawa. Hata nikienda zamu ya alfajiri huko Lewisham, ughaibuni, sare yangu imepigwa pasi, wanja upo, na viatu vyangu unaweza kujitazamia. Kwetu Mombasa mwanamke hatoki nje kama alivyoamka. Ndiyo maana nashindwa kueleza haya iliyonipata siku niliyojiona kwenye karatasi ile.

Aliyenichonga ni bibi ninayemhudumia nyumbani kwake. Namwogesha, namvalisha, namkorogea uji. Ujanani alikuwa msanii wa picha za mbao. Huchonga sura kwenye ubao, akaupaka wino mweusi, akalaza karatasi juu na kuisugua mpaka sura ihamie. Mikono yake siku hizi inatetemeka, lakini akishika patasi hutulia kidogo. Aliwahi kunieleza kwamba hajali kama pua imekaa mahali pake. Anachotaka ni mtazamaji ahisi alichokuwa akihisi yule aliyechongwa. Nilimwitikia tu, kama tunavyowaitikia wazee, nikaendelea kukunja taulo.

Kumbe alasiri moja, yeye akila, mimi nilikaa kwenye kiti cha jikoni nikapitiwa na usingizi. Hakuniamsha. Alichukua bahasha ya dawa akanichora upande wa nyuma wa bahasha hiyo. Baada ya hapo nikawa kila siku nafagia maranda ya mbao chini ya meza yake huku nikinung'unika, sijui kwamba ni uso wangu mwenyewe ninaoufagia. Hata mwiko wangu, niliomletea kwa ajili ya uji, niliukuta mweusi mgongoni. Ndio aliosugulia karatasi.

Aliponionyesha, damu ilinipanda kichwani. Mwanamke amemezwa na kiti, kichwa kimeangukia begani, kinywa wazi. Mikono kama mihogo. Chini ya macho amemchimbia mitaro. Ile sare ninayoipiga pasi kwa bidii imekuwa mistari iliyopindapinda, na kitambulisho cha kazi kinaning'inia shingoni, ili asije mtu akakosa kujua kwamba huyu kalala kazini. Nilitaka kumwambia: bibi, mimi nakusitiri kila asubuhi, wewe wanianika? Badala yake nilisema, "Very nice," nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Zilitoka nakala mbili tu. Ubao uliachwa karibu na hita, ukapasuka katikati, na bibi hana tena nguvu za kuchonga mwingine. Nakala moja alikuja kuichukua bwana wa jumba la sanaa, akasema kazi ya namna hii ni adimu kuliko anavyodhani mwenyewe aliyeichonga. Kisha akauliza mwanamke huyu ni nani. Bibi akanitazama mimi. Nikafungulia bomba kwa nguvu, nikajifanya sikusikia.

Nakala ya pili alinipa mimi, kwa mikono yote miwili. Zawadi ya mzee haikataliwi, wala haitupwi. Niliipeleka nyumbani nikaificha nyuma ya kabati la nguo, uso ukitazama ukuta.

Kisha Mama akaja kunitembelea. Mama wa kwetu haji kutembea, huja kukagua. Hakumaliza wiki kabla ya kulisogeza kabati ili afagie nyuma yake. Nilirudi kutoka kazini nikamkuta amekaa kitandani na kanga yake, tasbihi mkononi, picha imelala ubavuni pake.

"Nani huyu?"

"Ah, sanaa tu hiyo, Mama. Ya yule bibi."

"Nimekuuliza nani."

Nikajua haulizi. Sebule ya Mama imejaa picha nilizomtumia mimi: niko darajani, mto nyuma yangu, niko na koti jekundu, niko madukani Stratford na mifuko mikubwa, mingine ya rafiki yangu, nilimshikia ili nipigwe picha. Katika zote nimepaka wanja, zote nilizichagua katika nyingi. Nikasimama mlangoni na koti langu mwilini, nikaona haya kuliko siku ile jikoni kwa bibi.

"Nilikuwa nimechoka, Mama. Siku moja tu."

"Siku moja!" Akaipapasa ile mitaro ya chini ya macho kwa kidole, taratibu. "Picha zote ulonitumia wacheka. Miaka yote hii naswali nakuombea, wala sijui nikuombee nini."

Alipofungasha mizigo kurudi Mombasa, aliizungushia picha kanga mpya niliyomnunulia, akailaza juu kabisa ya nguo zake. Nilimsihi. Nikamwambia ni kazi adimu, itaharibika kwa joto. Nikaona hasikii, nikasema ukweli.

"Mama, watu watanicheka."

"Na wacheke."

Juzi alinipigia kwa video. Picha ya darajani imeteremshwa, na mahali pake, juu ya kochi la wageni, nipo mimi, kinywa wazi. Sebule ilikuwa imejaa. Majirani walikuwapo, na shangazi ambaye hanipigii simu ila ana ombi, wote wakizungumza kwa pamoja kama ilivyo kawaida ya kwetu. Uso uliniwaka, nikawa natafuta pa kubonyeza nizime. Kabla sijapapata, nikamsikia Mama akiwageukia wageni wake.

"Jamani, sauti chini. Mwanangu kalala."