Damu ya Mzee Ukutani Kwangu

Admin, nifunikie jina, maana Tabora ni ndogo na mawifi zangu wote wamo humu.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, naishi Chemchem na mume wangu na watoto wawili. Kazi yangu ni kushona mapazia. Hapa ninapoandika nimekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, kwa sababu sebuleni kwangu mwenyewe sina hamu ya kukaa. Nimechoka, jamani. Siyo ule uchovu wa kulala ukaamka umepona.

Nyumba yetu tuliijenga kidogo kidogo, na rangi nayo tukapaka hivyo hivyo, kopo lolote lililopatikana. Sebule kijani cha zahanati, korido bluu, chumba cha watoto sijui niite waridi au chungwa. Sasa mimi naingia nyumba za watu kupima madirisha, naona ukuta na pazia vinasikilizana, halafu narudi kwangu kila ukuta unagombana na mwenzake. Wageni walikuwa wanauliza, "Hapa mmepanga familia ngapi?" Wanatania, lakini mwenzenu naumia.

Mwaka jana baba mkwe aliugua, akaletwa kwetu kutoka Goweko awe karibu na hospitali. Mama mkwe akaja naye. Yule mzee nilimuuguza kwa mikono yangu hii, uji mimi, kumgeuza mimi. Mchana alipenda kukaa mkekani sebuleni, kichwa kaegemeza ukutani. Mungu akamchukua. Tukazika Goweko, tukamaliza matanga, mume wangu akasema mama asibaki peke yake kule, arudi tukae naye. Nikakubali kwa moyo mweupe, na tuliishi vizuri tu, tukipika pamoja na kucheka.

Miezi ikapita, nikamwambia mume wangu tupake nyumba upya. Nikachagua rangi ya maziwa kuanzia korido mpaka vyumbani, macho yapumzike, na ukuta mmoja tu wa sebule niupige damu ya mzee, uende na makochi na pazia. Mnaijua, ule wekundu mzito uliokolea. Duka lolote hapa mjini ukisema damu ya mzee hakuna anayekuuliza mara mbili.

Fundi wa rangi akanipigia akiwa dukani. Nilikuwa uani nachambua mchele na mama mkwe. Mtandao ulikuwa mbovu, nikawa napiga kelele: "Ule ukuta aliokuwa anakaa baba, paka damu ya mzee! Ndiyo, damu ya mzee! Ikolee!"

Loh! Mdomo wangu uliniponza. Mama mkwe aliniangalia, akanyanyuka, akaingia ndani. Mimi nikadhani kiuno kinamsumbua, nikaendelea na mchele wangu.

Fundi alipomaliza, nyumba ilitulia mpaka nikajisikia kulia. Nikamwita, "Mama, njoo uone!" Alisimama mlangoni, akautazama ule ukuta, akaangua kilio cha msibani, mikono kichwani. Siku ile ile wifi yangu mkubwa akaja kumchukua, akampeleka kwake Goweko. Nikamwambia shikamoo mama, hakuitikia.

Kisha wifi akanipigia. "Damu ya baba uliikinga wapi wewe?" Nilicheka, nikijua ni utani. Nikamwambia, "Wifi, hilo ni jina la rangi!" Akajibu, "Rangi gani hiyo? Kwetu hiyo ni nyekundu." Nikamtumia picha ya kopo, na kopo lenyewe limeandikwa Kiingereza, damu ya mzee haipo popote. Nikazidi kuonekana mwongo.

Mume wangu anajua vizuri. Sweta lake la sekondari lilikuwa damu ya mzee! Lakini anasema, "Mama ni mama. Rudisha kijani yaishe." Nikimwambia akawaeleze ndugu zake, anavaa kofia anatoka.

Nikaenda Goweko mwenyewe, na sukari na kitenge. Mama alinikaribisha ndani, akakipokea kitenge, akakiweka mapajani. Ndipo akasema, "Mkwe wangu, nimeelezwa na watu. Ni jina la rangi, nimeelewa." Nikashusha pumzi. Akaendelea, "Lakini pale ukutani palikuwa na mafuta ya kichwa chake. Ukienda sokoni nilikuwa naweka mkono wangu pale. Ungeniuliza kwanza, mwanangu."

Mimi pale nilikuwa naona doa la kusafisha tu. Nilipiga magoti nikamwomba msamaha nalia, naye akalia, akanishika kichwa.

Wifi akaingia, akatukuta hivyo. Akasema mambo ya chumbani hayatoshi, Jumamosi hii kuna kikao cha ukoo, nije niombe radhi mbele ya watu wote kwa lile la damu. Nikamtazama mama, nikisubiri aseme yale aliyoniambia muda ule ule. Akainamisha uso, akanyamaza. Sasa anaishi kwa yule binti, anakula kwake, labda anaogopa.

Mume wangu ananiambia, "Sema samahani tu, neno moja linakushinda nini?" Halinishindi. Nimeshalisema, tena kwa magoti. Lakini nikilisema kwa damu, nimekiri. Wanangu watakuwa watoto wa mchawi kila wanapokanyaga Goweko, na binti yangu ataolewa na nani? Nisipoenda, mama harudi tena kwangu, na mume wangu kashasema mwanamke aliyemfukuza mama yake hawezi kukaa naye.

Wa kuusema ukweli ukaaminika ni mama peke yake, na mama kanyamaza. Ninyi mliokomaa kwenye ndoa, niambieni bila kunicheka: nimwumbue yule mama mjane mbele ya watoto wake kwa kusema aliyoniambia, au nikubali uchawi ili nibaki na nyumba yangu?