Sura ya Saba kwa Sauti Yake

Msomaji wa vitabu vya wasioona alikuwa na sauti iliyojulikana na watu wengi wasiomjua mwenyewe. Kwa miaka alirekodi vitabu hivyo katika chumba kidogo cha kituo kimoja, kilichozibwa kwa sponji ukutani. Ng'ambo ya kioo alikaa fundi mitambo waliyemwita Masikio, kwa kuwa aliwahi kumsimamisha msomaji kwa kusikia tumbo lake likinguruma.

Kazi ile ilikuwa na sharti moja: msomaji hapunguzi neno wala haongezi. Asiyeona apate kitabu kizima, sawa na anayeona.

Asubuhi hiyo walifika sura ya saba ya safari za mwanasayansi mmoja wa zamani, aliyesifiwa kwa kuchora maua na kupima mito. Alipowafikia watu wa msituni, kalamu yake ilibadilika. Aliandika kwamba wako karibu na nyani kuliko binadamu, kwamba aliwapima vichwa kama alivyopima mafuvu ya swala, na kwamba hawajui huzuni. Hakuna kipimo kilichomwambia hayo. Alikuja nayo kutoka nchini kwake.

Msomaji akaacha kusoma. Wale walikuwa watu wa mama yake. Alilificha jambo hilo tangu shuleni, walipokuwa wakimwita “mla mizizi”, na pale kazini hakuna aliyelijua. Tena mjomba wake, aliyemlea, alikuwa amepofuka. Kila kitabu kilichotoka alikisikiliza redioni, akiwatambia majirani kwamba anayesoma ni mwanawe.

“Dada, umelala?” Masikio akauliza kwenye spika.

“Kikohozi.”

“Kikohozi cha siku hizi hakina sauti?”

Hakucheka. Aliomba aitiwe mkuu wa kituo, naye alipoingia akamwambia, “Nataka kusema maneno machache kabla ya sura hii. Mwandishi anawatukana watu, na hilo si sayansi.”

“Sharti unalijua, mama. Kama inakukera, ruka hiyo aya, nitafumba macho.”

“Nikiruka nitakuwa nimemsafisha. Watu watamjua kwa maua tu.”

“Basi soma. Vitabu vya zamani ndivyo vilivyo. Kwani wewe inakuhusu nini?”

Swali hilo alikuwa amelikimbia maisha yake yote. Moyo ulimwenda mbio hata akahofia Masikio anausikia. Kusema haimhusu kungekuwa rahisi. Uongo huo alishauzoea.

“Ni watu wangu,” akasema. “Mama yangu ni wa huko.”

Masikio aliacha kutafuna kalamu. Macho ya mkuu yakapanda hadi kichwani pa msomaji, yakakaa hapo kidogo kana kwamba yanakipima, kisha yakashuka kwa aibu.

“Sema,” mkuu akajibu. “Lakini kwa jina lako, kituo hakimo. Wakubwa wakiuliza, utawajibu mwenyewe.”

Alirudi kwenye maikrofoni. Akataja jina lake, kisha akasema: “Ninayewasomea ni mtoto wa watu mtakaosikia wakitukanwa. Mwandishi huyu aliyajua maua. Sisi hakutujua.”

Akasoma bila kuruka. Alipofika penye kutojua huzuni, sauti ikamkatika.

“Turudie?” Masikio akauliza polepole.

Akamfikiria mjomba, sikio lake likiwa redioni, akisikia tusi hilo kutoka kinywani mwa mtoto aliyemlea. Hakujua mjomba angesemaje.

“Iache hivyo,” akasema, akafungua ukurasa uliofuata.