Alinipa Talaka Kwenye Mpira wa Vibao, Sasa Ananitafutia Muhalili

Wasomaji wenzangu wa ukurasa huu, asalaam aleikum. Mhariri nimemwomba alifiche jina langu na kuyabadili ya wanangu, na mkinitambua msinitaje, maana Bagamoyo ni ndogo na midomo yake mikubwa. Nina miaka hamsini na mitatu, mama wa watoto wanne, wote wana majumba yao. Mume wangu ni karani mstaafu wa serikali. Nimesema mume wangu kwa mazoea tu, miaka thelathini na sita si mchezo.

Huyu bwana ulimi wake mwepesi. Ujanani aliniacha kwa kuwa nilikwenda harusini Pangani bila ruhusa yake, kisha akanirejea. Tulipohamia Tanga kikazi akaniacha tena, eti nimemjibu mbele ya wageni, akanirejea kabla eda haijaisha. Talaka mbili zikawa zimekwenda, imebaki moja, na sote tulijua. Aliyepita chuo cha Kurani anafahamu kuwa ya tatu haina kurejea, mpaka mwanamke aolewe na mume mwingine na huyo naye amwache.

Alipostaafu, tumesharudi Bagamoyo, akaniambia, "Mama Mwanaidi, nimekuweka ndani umri mzima. Haya, tukatembee." Tukanunua baiskeli mbili za Kichina, tukashika vijia vya kwenda Pangani. Tulibeba na mpira wetu wa vibao, mchezo aliojifunza kwenye klabu ya makarani kule Tanga, akanifundisha uani kwetu. Kila mtu na kibao chake cha mbao, wavu katikati, mnarushiana kimpira, anayetangulia kufika kumi na moja ndiye mshindi. Wavu tuliufunga baina ya baiskeli zetu popote tulipopumzika. Majirani walipiga kelele, "Jamani, bi mkubwa kapanda baiskeli! Kiama hicho!" Nikawapigia kengele, nikapita zangu. Wallahi nilikuwa na furaha ya kitoto.

Tulipita Makurunge, tukavuka mto Wami kwa mtumbwi huku baiskeli zimelazwa, tukafika Saadani. Kote tulicheza, na kote nilimfunga. Mwanzo alicheka. Saadani alininunia hata chakula cha usiku hakukimaliza, akasema miguu inamuuma.

Mkwaja tulifikia kwa Bi Mize, mama mmoja mtu mzima tuliyejuana naye zamani. Baada ya laasiri tukacheza kiwanjani, watu wakajaa. Wanawake wakawa wananishangilia, "Mkomeshe, bibi, mkomeshe!" Tukafika kumi kwa kumi. Bwana akaushika mpira, jasho linamtoka, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Ukinifunga bao hili, nimekuacha."

Watu wakacheka. Bi Mize hakucheka. Akamwambia, "Astaghfirullah, bwana, yarudishe maneno yako. Talaka haina mzaha." Naye akajibu, "Nimeshasema. Acheze."

Sasa nitawaambia nisilomwambia hata mwanangu. Mpira ulipokuja niliuona vizuri. Ulikuja polepole, nilikuwa na nafasi ya kuukosa na hakuna ambaye angejua. Nikamtazama yule mwanamume, anatabasamu, ana hakika nitauacha upite, kama nilivyoyaacha mengi yake yapite. Nikaupiga. Ukaangukia nyuma yake, naye akabaki amesimama na kibao chake mkononi.

Usiku ule nililala ndani kwa Bi Mize, bwana akalala barazani. Pangani hatukufika. Tukageuza, siku tatu njiani, yeye mbele mimi nyuma, tukilala kila mmoja nyumba tofauti. Kwenye kivuko cha Wami ndipo aliponisemesha.

"Mama Mwanaidi, ule ulikuwa utani. Tuyameze haya."

"Meza wewe. Mimi yamenikwama."

"Unataka kunivunjia heshima uzeeni?"

Heshima yake! Yangu aliitupa kiwanjani, watu wa Mkwaja wanatazama.

Sasa nakaa eda kwa siri katika chumba cha uani, majirani nimewaambia mgongo unaniuma. Wiki mbili zilizopita alikuja mlangoni, safari hii amekubali kuwa talaka imepita. Kumbe amekwenda kwa shekhe, akaambiwa yale yale ya Bi Mize. Akaniambia nisiwe na wasiwasi, ameshanitafutia muhalili, rafiki yake mkulima wa Lugoba, mjane. Eda ikiisha atanioa, nilale kwake usiku mmoja, aniache, nikae eda nyingine, kisha turudiane. Alisema hayo huku anatafuna tambuu, kama anayeazimisha baiskeli. Nijuavyo mimi, ndoa ya kupatana kuachana ni haramu. Nililia mpaka macho yakavimba.

Juzi huyo mtu wa Lugoba akaja. Hakuingia ndani. Alisimama nje ya ua, akabisha hodi, binti yangu akiwa nami, akasema, "Bi mkubwa, bwana amenieleza anavyotaka yeye. Nimekuja kukuuliza, wewe mwenyewe unataka nini?"

Miaka thelathini na sita hakuna aliyeniuliza swali hilo. Nikamwambia anipe muda, akaitikia, "Hapana haraka," akaenda zake.

Eda yangu inakwisha mwezi ujao. Bwana ameshaanza kunihimiza, anasema watu wasije wakajua. Wanangu hawajui lolote isipokuwa huyo mmoja, naye analia tu. Nikikataa kuolewa, nitatoka nyumba hii na kanga zangu. Nikirudi kwa huyu, najua ulimi wake haujastaafu. Na kuna jambo linanizunguka kichwani, naona haya kulisema lakini jina langu limefichwa: mimi nikiolewa na yule wa Lugoba, nani kasema ni lazima aniache? Enyi kina mama na kina baba mnaonisoma, nipeni akili, maana yangu imeshaanza kwenda Lugoba.