Chupa za Kitangari na Mbwa Aliyepanda Ndege

Kli, kli, kli. Hivyo ndivyo zilivyolia chupa za chanjo siku yangu ya kwanza kazini Masasi, zikigongana kwenye kasha la barafu nyuma ya baiskeli. Nilikuwa msichana mwenye elimu ya darasa la saba na kozi fupi ya mifugo, mcheshi, naota siku moja nitapanda ndege. Bwana Mifugo wa Wilaya, mzee mkali mwenye huruma, aliniambia, "Usizifunge vitambaa, binti. Watu wakisikia hizo, wanatoa mbwa." Na kweli. Tukiingia Lulindi, watoto walitoka mbio na mbwa wao kwenye kamba za katani. Chanjo ya kichaa cha mbwa ilikuwa bure.

Kisha likaja soko huria, nami nikahamishiwa Newala. Mkuu wa Kituo, bosi wangu mpya, alinikabidhi vitambaa siku hiyo hiyo. "Zifunge zisilie. Wakisikia wataomba, na siku hizi dawa inanunuliwa." Nikafunga. Nikawa napita Kitangari kimya kimya kama mwizi.

Kitangari ndiko alikozaliwa Korosho, mtoto wa mbwa wa Mama Fadhili. Mzungu mmoja wa mradi wa visima, tuliyemwita Mama Bomba, alimpenda, akaamua kurudi naye kwao Ulaya. Kazi ya kumwandaa nikapewa mimi, nikafurahi kana kwamba nasafiri mwenyewe. Mbwa wa kupanda ndege hafungwi kama kuku kwenye tenga. Anachanjwa akitimiza miezi mitatu, kisha anasubiri mwezi mmoja kinga ijengeke mwilini mwake. Anaandikiwa cheti cha afya. Anachongewa kreti yenye matundu pande zote, ya kumtosha kusimama na kujigeuza, na bakuli la maji linafungwa mlangoni. Dawa ya usingizi hapewi, maana kule juu inaweza kumkata pumzi.

Mama Bomba alileta chanjo kutoka Dar es Salaam, boksi zima. Mama Fadhili akaja kituoni na Korosho pamoja na mama yake. Nikamchoma mtoto. Nilipomgeukia mbwa mama yake, Mkuu wa Kituo akanishika mkono. "Zilizobaki ni mali ya mzungu. Usiguse." Akazifungia kwenye friji.

"Haya, mwanangu," Mama Fadhili akasema huku akimvuta mbwa wake. "Mtoto anapanda ndege, mama hana hata sindano. Na mimi mwenye mbwa hata Mtwara sijafika!"

Siku ya safari nilimsindikiza Korosho mpaka uwanja wa ndege wa Mtwara. Mhudumu wa mizigo alikuta jani la mkorosho ndani ya bakuli la maji.

"Dada, hili la nini?"

"Maji yasimwagike. Ndivyo tunavyobeba ndoo kutoka bondeni."

"Majani hayavuki mpaka," akasema, akalitupa.

Mama Bomba alicheka, kisha akaniuliza, "Na mbwa wengine wa Kitangari, mmeshawachanja? Lile boksi nilimwachia bosi wako kwa ajili yao."

Masikio yaliniwaka moto. Korosho akabebwa, pua yake tunduni, akilia. Ndege ikapaa, wala sikuitazama. Mimi, niliyeota ndege tangu utotoni!

Niliporudi Newala nilimkuta Mkuu wa Kituo akimuuzia chanjo mlinzi wa ghala la korosho.

"Shikamoo, mkuu."

"Marahaba. Umefika?"

"Hizo ni za Kitangari. Mwenyewe kaniambia."

"Punguza sauti, binti. Soko huria hili."

"Soko huria la vitu vya wizi?"

Akacheka. "Kanishtaki basi. Nani atamsikiliza darasa la saba?" Akaenda zake kula, na kwa dharau akauacha ufunguo kwenye friji, kana kwamba sitathubutu.

Sasa nimestaafu, napalilia mikorosho yangu. Vijana wa mifugo wakinitembelea huniambia, bibi, hasira za zamani achana nazo. Siachani nazo. Mbwa mwenye kichaa haulizi nani kalipa. Anamuuma mtoto aliye karibu. Yule Mkuu wa Kituo alijua hivyo, amesoma kuliko mimi, na bado alinifundisha kupita kijijini kimya.

Siku ile, kabla hajarudi kutoka kula, nilipakia chupa zilizobaki nikaondoka peke yangu. Karibu na nyumba za kwanza za Kitangari nilishuka kwenye baiskeli, nikafungua kasha, nikavitoa vile vitambaa kimoja kimoja na kuvitupa kichakani. Kisha nikapanda, nikakanyaga.