Vyumba Vinne vya Panzi

Valérie Nsimire alikuwa daktilo, yaani mpiga chapa, katika ofisi ya wanunuzi wa kahawa, chini karibu na ziwa. Barua zote za ofisi zilipita chini ya vidole vyake. Kwenye karatasi za kazi aliandikwa citoyenne Nsimire tu, yaani mwananchi Nsimire, maana serikali ilikuwa imekataza majina ya ubatizo, lakini kanisani na nyumbani mtaa wa Kadutu alibaki Valérie, au Maman Colette, kwa jina la binti yake wa kwanza. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, watoto wanne, na mume aliyemwona mara mbili kwa mwaka.

Mume huyo, Modeste, alikuwa muuguzi Shabunda, mbali msituni. Pesa alizituma kwa mkono wa wafanyabiashara waliopanda ndege ndogo mpaka uwanja wa Kavumu, na kila mara aliambatanisha barua ndefu. Mwaka 1978 walipopata kiwanja mtaa wa Panzi, mlimani, barua zake zikawa za nyumba tu. Alichora plan, ramani ya nyumba, mwenyewe kwa rula: vyumba saba vya kulala, baraza ya kuzunguka, na mahali pa kuotea moto sebuleni, kama katika nyumba walizoacha Wazungu kule mtaa wa La Botte.

“Ujenge polepole,” aliandika, “lakini ujenge hii.”

Valérie aliipeleka plan kwa Adalbert, mwanamume mwenye suti ya abacost ya kijivu aliyejulikana mtaani kuwa antreprenere, mkandarasi wa nyumba. Adalbert aliisoma haraka, akaandika devi, hesabu ya gharama, ya kurasa mbili, akaomba nusu ya pesa mbele.

“Hapana,” Valérie akamwambia. “Nitakulipa kwa kazi yenye macho yangu imeona. Na simenti nitanunua mimi mwenyewe.”

Adalbert alimtazama kama mtu aliyeuziwa samaki bila kichwa, kisha akakubali. Wateja hawakuwa wengi mwaka huo.

Mshahara wa mwezi mzima wa Valérie haukufikisha saki nane za simenti, kwa hiyo hakupenda kuona hata kijiko kimoja kikipotea. Saki alizihifadhi katika chumba cha Bibiane, mjane aliyeishi ng’ambo ya njia, mkabala na kiwanja. Ufunguo ulikaa kwa Bibiane. Kule ofisini kulikuwa na muhuri wa tarehe ambao namba zake za mwaka zilikuwa zimekwama. Valérie aliuomba kwa mkubwa wake, akapewa. Kila saki ilipoingia kwa Bibiane, aliigonga muhuri wa wino wa zambarau. Sheria ilikuwa moja: saki tupu irudi ndipo saki kamili itoke.

Wiki ya tatu zilirudi saki tupu sita. Tatu kati yake hazikuwa na wino: zilikuwa zimetoka kwingine.

Siku ya Jumamosi Valérie alipanda mpaka shantie, mahali pa ujenzi, akiwa nazo kwapani. Alimkuta Adalbert amesimama juu ya rundo la mchanga, akaziweka wazi mbele yake.

“Citoyenne, karatasi ni karatasi,” Adalbert alisema. “Wino inafutika na maji.”

Valérie alilowesha kidole kwa mate, akasugua muhuri wa saki mojawapo. Wino ulitambaa, ukabaki doa pana la zambarau. “Inafutika, lakini inaacha doa. Hizi tatu haziko na kitu.”

Adalbert alikohoa. Alitazama mafundi, akatazama njia. “Kuko shantie ingine ilikwama. Nilikopesha kule. Ningerudisha.”

“Basi urudishe, na tuachane vizuri.”

Alirudisha saki mbili. Ya tatu Valérie hakuiona tena, naye hakuifuata.

Adalbert alipoondoka, mafundi wanne walibaki wameketi juu ya mawe. Hapo ndipo Valérie alipojua kwamba wao nao hawakuwa wamelipwa kwa wiki mbili. Mkubwa wao aliitwa Mushagalusa, mtu wa Kabare, mwenye viganja vilivyopasuka kwa chokaa. Alivua kofia.

“Maman Colette, sisi hatuna shida na weye. Tulipe kila samedi kama leo, hapa hapa, na tutamaliza. Lakini niruhusu niseme kitu moja.”

“Sema, Papa.”

“Udongo wa hapa inatembea. Kabla ya nyumba, tujenge kwanza ukuta ya mawe upande wa juu, na mufereji ya kupitisha maji. Bila ile, hizi vyumba saba zitateremuka siku moja kwa Bibiane.”

Valérie alitazama mteremko. Alikuwa ameupanda mara nyingi bila kuuogopa. Sasa aliona miti ya mikaratusi juu kule ilivyoinama yote upande mmoja. Aliuliza gharama ya ukuta. Mushagalusa alihesabu mawe, mchanga na siku za kazi, bila haraka, na jumla ikawa sawa na baraza, mahali pa moto na vyumba vitatu.

Valérie alikaa juu ya jiwe na plan ya mumewe magotini, akatoa kalamu ya risasi. Alianza kufuta mahali pa moto. Kisha baraza. Vyumba vilimchukua muda zaidi, kwa sababu Modeste alikuwa ameandika ndani ya vinne majina ya watoto, na kimoja aliandika “mama”, yaani mama yake aliyekuwa bado kijijini Miti. Mwishowe alifuta chumba cha wageni, akawaweka wasichana pamoja, wavulana pamoja, bibi chumba chake, na kimoja kikabaki chao wawili.

Barua ya kumweleza aliipiga kwa mashine saa ya mapumziko. Jibu lilifika baada ya wiki tano, na safari hii halikuwa refu: “Hata baba yangu alikuwa na nyumba kubwa kuliko hiyo. Lakini weye ndiwe uko pale. Fanya vile unaona.”

Ukuta ulichukua miezi minne. Majirani walipita wakiuliza kama Maman Colette anajenga gereza. Mwezi wa nne wa 1979 mvua kubwa ilipopiga siku tatu mfululizo, njia ya miguu iliyopita juu ya kiwanja ilikatika na kushuka, ikasimama nyuma ya mawe ya Mushagalusa. Maji yakafuata mfereji. Tangu hapo hakuna aliyeuliza tena habari za gereza, na watu wawili walikuja kumwomba Mushagalusa awahesabie ukuta wao.

Matofali ya kuchoma yalifika kwa lori kutoka Miti, na kufikia Oktoba 1979 kuta za vyumba vinne zilikuwa zimesimama. Kilichobaki kilikuwa manjanja, yaani mabati ya kuezekea. Modeste aliandika kwamba pesa ya manjanja ichungwe mpaka atakapokuja mwezi wa kwanza. Yeye pia alikuwa anaweka akiba, wangechagua pamoja mabati mazito. Lakini muuzaji wa Nyawera alipandisha bei kila baada ya wiki mbili, na mvua ilikuwa inalamba matofali ya juu.

“Mukingoja janvier,” Mushagalusa alimwambia, “ile mistari mitatu ya juu nitairudilia.”

Valérie alilala na maneno hayo siku nne. Siku ya tano, mwezi wa kumi na moja, alitoa pesa yote, akanunua manjanja arobaini na nane na misumari, akayasukuma chini ya vitanda vya Bibiane. Kwa Modeste hakuandika neno. Hilo lilimkaa kifuani kila Jumapili alipopiga magoti kanisani.

Noeli ikafika, na redio ikatangaza kwamba noti za zaire tano na za kumi hazina kazi tena. Zilipaswa kubadilishwa benki kwa siku chache, na kwa kiasi. Mjini mistari ya watu ilizunguka majengo. Shabunda haikuwa na benki ya kukimbilia.

Modeste alifika wiki ya pili ya Januari. Alikuwa amekonda. Aliketi Kadutu na begi miguuni, akanywa maji, kisha akasema polepole:

“Feza imekufia mu mikono yangu, Maman Colette. Miaka mbili. Na ile nilikuambia uchunge, ile pia imekufa.”

“Ile haikufa,” Valérie alisema. “Simama, twende kwa Bibiane.”

Walipanda mpaka Panzi. Kwa Bibiane, Valérie aliinua shuka ya kitanda cha kwanza, kisha cha pili. Modeste alipiga goti na kuweka kiganja juu ya bati.

“Ulinunua lini?”

“Mwezi wa kumi na moja. Ulikuwa umenikataza.”

Modeste aligonga bati kwa kidole. Halafu akaanza kucheka, kwanza kidogo, mpaka Bibiane naye akashindwa kujizuia mlangoni.

“Ungeniandikia,” Modeste alisema akijipangusa macho, “ningekasirika mwezi muzima.”

Akiba yake haikurudi, na kuna siku aliizungumzia kama mtu anayemtaja marehemu. Lakini Mushagalusa na wenzake waliezeka kwa siku tisa, Modeste akiwapokeza misumari, na kabla hajarudi Shabunda familia ilihamia: bila plafo ya dari, bila rangi, milango ikiwa ya mbao mbichi. Bibi alifika kutoka Miti na mkeka na kuku wawili, akakagua chumba chake, akasema kinatosha.

Mwisho wa mwezi wa tatu, Valérie alipopokea mshahara, hapakuwa tena na kodi ya nyumba ya kulipa Kadutu. Alinunua vioo viwili vya dirisha la wasichana, akavifunga kwa magazeti, akavibeba mwenyewe kwa miguu mpaka Panzi, akipumzika mara tatu njiani.