Nilikuwa nabana choo kwa heshima ya mkwilima, tumbo likaninyoosha

Wakuu, shikamooni wakubwa wenzangu. Na nyie wajukuu marahaba, hata kama hamjanisalimia.

Mimi ni bibi wa Mwamkulu, shule niliishia la pili. Naongea, simu inaandika. Mkiona neno limekaa vibaya mlaumuni simu. Ila habari yenyewe sijaisikia kwa mtu, imenipata kwenye tumbo langu hili hili.

Msicheke kwanza. Mtacheka baadaye.

Mwaka huu mpunga ulipokwisha kuingia ndani, binti yangu wa mwisho alijifungua. Anakaa Mpanda mjini. Nikaenda kumkanda na kumwogeshea mtoto. Raha tupu wakuu, katoto kana mashavu kama maandazi.

Shida ilikuwa choo.

Sisi Wasukuma wa zamani, wewe na mkwilima, yaani mume wa binti yako, hamshikani mkono, hamli sahani moja, na choo kimoja hamchangii. Sasa nyumba ya mjini ina choo kimoja tu. Na mkwilima ni fundi pikipiki, gereji yake ni hapo hapo uani. Kutoka benchi lake mpaka mlango wa choo ni hatua kumi. Anashinda hapo na wateja wake.

Nipite na kopo la maji mbele yake? Mimi? Bora nipasuke.

Basi nikawa nabana. Nasubiri atoke. Siku zingine hatoki. Haja inakuja, naikataa, inaondoka yenyewe. Nikajiona mjanja. Maji ya kunywa nikapunguza ili nisisumbuliwe. Maharage na mchicha nikaviacha, nakula ugali wa sembe na dagaa watatu.

(Kwangu Mwamkulu naendaga chooni kila asubuhi kabla ya chai, miaka yote. Sikujuaga kama ile ndo afya.)

Wiki ya kwanza tumbo likajaa gesi, linaunguruma mpaka mtoto anashtuka. Wiki ya pili nakaa siku nne sijapata choo. Nikipata, ni vigololi kama vya mbuzi, vikavu, najikamua mpaka machozi. Hamu ya kula ikaisha.

Halafu siku moja nikaangalia chini, naona damu. Nyekundu, mbichi.

Wakuu, moyo ulikwenda wapi sijui.

Nikamnong'oneza jirani, mama mmoja wa Katumba anauza mkaa pale kona. Akasema hilo chango. Mteja wake akasema minyoo, nikanywa dawa ya minyoo. Mwingine akasema taifodi. Halafu yule wa mkaa akakumbuka shangazi yake ilimwanza hivyo hivyo, damu kidogo, kumbe saratani ya utumbo, akafa. Ananiambia hivyo huku anaendelea kujaza mkaa kwenye kopo!

Kuanzia hapo sikutulia tena. Naogesha mtoto, nawaza saratani. Naenda dirishani, narudi. Nakaa, nasimama. Binti ananiuliza mayu, yaani mama, una nini, namwambia joto.

Nikanunua vidonge vya kuendesha. Dukani waliniambia kimoja, nikameza viwili.

Viliendesha kweli. Nilipita mbele ya mkwilima mbio, bila kopo, bila heshima, mara tano. Mwenzangu akainamia injini, hakuinua kichwa hata mara moja. Aibu ile bado ninayo.

Na damu ikazidi. Binti akaiona kwenye khanga.

"Mayu, leo unaenda hospitali hata kwa kubebwa."

Mumewe akaita bajaji. Akapanda mbele, akabanana na dereva, ili mimi na yeye tusigusane.

Daktari ni mama mmoja mtaratibu. Akaniuliza kama nimepungua mwili, kama choo ni cheusi kama lami, kama nina homa, kama natapika. Nikasema hapana. Akanipima, mambo ya kupimwa huko siyasemi hapa. Choo kikaenda maabara. Kusubiri majibu kulinimaliza.

Nikaitwa. Minyoo hakuna, amiba hakuna. Nina bawasiri, na mchaniko mdogo kwenye njia ya haja. Akanieleza kwamba choo ukikibana, utumbo unakinyonya maji, kinakuwa kama jiwe. Kikipita kinachana. Na ukijikamua, mishipa ya huko inavimba. Ila akasema kwa umri wangu damu haichukuliwi juu juu. Nirudi aniangalie, na isipokoma ananiandikia rufaa.

Halafu akaniuliza, "Sasa bibi, ulikuwa unabana kwa nini?"

Mlango uko wazi. Mkwilima yuko nje kwenye benchi. Nikajifunika khanga usoni.

"Namheshimu mkwilima, daktari. Choo ni chake."

Halafu sauti ikatoka kule nje, ya chini, kama mtu anaongea na sakafu.

"Mayu, hata mimi nabana tangu umekuja. Nilikuwa nakuachia wewe."

Daktari akaweka kalamu chini. Akacheka mpaka akavua miwani. Alipomaliza akamwita, "Na wewe baba, damu unaona?"

Akainamia viatu vyake.

"Ingia. Bibi, tupishe."

Haya, sasa chekeni.

Tulirudi kila mtu na bahasha yake ya dawa. Kesho yake asubuhi gereji ilifungwa, anachimba shimo la pili nyuma ya nyumba. Mimi nakunywa maji, nakula mchicha, na haja ikiita naitika. Nimerudi kwa daktari mara moja, damu imekoma, ila bado ananitaka tena na nitaenda, maana roho haijatulia yote.

Nilichojifunza ni kwamba heshima ni nzuri, ila utumbo hauna mkwe.

Nyie mnaokaa na wakwe choo kimoja mnafanyaje? Andikeni nisome. Ila wewe unayeona damu usianze kuandika hapa, nenda kapimwe kwanza.