Ini la Fundi Cheche

Karakana nzima ilimwita Cheche. Alikuwa amechomelea mageti na madirisha kwa miaka kumi na minane, na hakuna fundi aliyemshinda kwa kazi wala kwa maneno. Uso wake ulipoanza kuwaka moto na kuiva wekundu ghafla, wenzake walisema ni moto wa mashine. Naye aliamini, mpaka Jumapili moja ulipoiva akiwa amekaa kitandani anakunja nguo.

"Leo unachomelea shuka?" mumewe akamuuliza.

Walicheka, lakini kesho yake wakaenda hospitali. Huko ndipo mumewe alipojua kuwa tumbo nalo lilikuwa likimwendesha tangu mwaka juzi.

Vipimo vilionyesha uvimbe kwenye utumbo mwembamba, na vivimbe vidogo saba vilivyokwisha kusambaa hadi kwenye ini. Daktari mpasuaji, mama mfupi mwenye sauti ya taratibu, aliwaeleza kuwa ni saratani inayokua polepole na kumwaga homoni mwilini. Homoni hizo ndizo zilizomchoma uso na kumharisha.

"Nitakata kipande cha utumbo, halafu nisafishe ini kwa kukata sehemu zenye uvimbe."

"Ukilikata ini, unabakiza kiasi gani?" Cheche akauliza, kama anavyowauliza wateja vipimo.

"Cha kutosha, mama. Na litakalobaki litakua tena lenyewe."

Cheche akamgeukia mumewe. "Umesikia, baba watoto? Chuma changu hakijawahi kunifanyia wema huo."

Alichomwa sindano za kutuliza homoni, kisha akaingia chumba cha upasuaji kwa saa saba. Nje, mumewe aliikunja na kuikunjua kofia yake mpaka ikachanika. Daktari alipotoka, alisema vivimbe sita vya ini vimetolewa. Cha saba kilikaa pabaya, wamekiunguza kwa sindano ya moto.

"Huenda vikarudi, kwa hiyo tutampima kila baada ya miezi michache. Lakini leo mambo yamekwenda vizuri."

Cheche alipozinduka na kuelezwa, alimgeukia daktari. "Kumbe na wewe ni mchomeleaji."

Tangu siku hiyo uso haukuiva tena, na tumbo likatulia. Mwezi wa nne baada ya upasuaji alirudi karakana, amekatazwa kunyanyua vizito, mumewe nyuma yake akijifanya kibarua. Wakaenda kupima dirisha la jirani. Mume akasoma futi ya kupimia kichwa chini, akataja kipimo kikubwa kama cha mlango wa ghala. Cheche alicheka mpaka akashika kovu lake kwa maumivu, akamwomba asimchekeshe tena, na mwenye nyumba akawaletea viti wapumzike.